Amadou Toumani Touré: mwanajeshi aliyeachia kiti

Mapinduzi ya kijeshi yanapotokea, ahadi ya kwanza redioni huwa ni ileile: tutawarudishia raia madaraka. Wengi hawakurudisha. Ndiyo maana sisi tunaofundisha historia ya siasa za Afrika hatuachi kumtaja Amadou Toumani Touré wa Mali, ambaye wananchi wake walizoea kumwita ATT.

Alizaliwa Mopti mwaka 1948, akasomea ualimu kabla ya kujiunga na jeshi, akapanda hadi kuwa kamanda wa makomando wa miavuli. Ijumaa ya Machi 22, 1991, vikosi vya Rais Moussa Traoré viliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Bamako. Siku nne baadaye Luteni Kanali Touré akamwondoa Traoré, aliyetawala tangu 1968.

Yaliyofuata ndiyo ya kusomwa kwa makini. Aliunda serikali ya mpito na kumpa raia uwaziri mkuu. Ukaitishwa mkutano wa taifa, ikaandikwa katiba, na Januari 1992 wananchi wakaipitisha kwa kura. Uchaguzi wa rais ulipofika, hakugombea. Juni 8, 1992 alimkabidhi nchi mshindi, Alpha Oumar Konaré. Ilikuwa imepita miezi kumi na minne tu.

Akiwa nje ya ikulu alijitosa kupambana na mnyoo wa Guinea, bega kwa bega na rais mstaafu wa Marekani, Jimmy Carter. Mnyoo huu ni mwembamba kama uzi na hufikia urefu wa mita moja. Hutoboa ngozi, mara nyingi mguuni, na mgonjwa huuzungushia kijiti akiuvuta kidogo kidogo kwa siku nyingi, huku akiungua kwa maumivu. Kinga yake ni kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa. Kwangu mimi, jenerali aliyewahi kushika dola kisha akahangaikia maji ya bwawani ya wanavijiji anastahili heshima kubwa.

Mwaka 2002, akiwa amestaafu jeshi, alichaguliwa kuwa rais bila chama chake, na 2007 akachaguliwa tena. Aliwakumbatia karibu wanasiasa wote serikalini, na nadhani hapo ndipo alipokosea, kwa sababu wa kumhoji walibaki wachache. Januari 2012 uasi wa Watuareg, jamii ya wafugaji wa jangwani, ulipolipuka kaskazini, askari walilalamika kwamba wanapelekwa vitani bila silaha za kutosha. Kambi ya jeshi ya mji uitwao Kati, jirani na Bamako, ikaasi. Machi 22, 2012, miaka 21 kamili tangu Ijumaa ile, askari hao walioasi walitangaza kwenye televisheni kwamba wamempindua. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki chache, naye hakuwa mgombea.

Alikwenda kuishi Senegal, na Novemba 2020 akafariki Istanbul. Agosti ya mwaka huohuo, askari wa Kati walikuwa wameasi tena na kumng'oa Rais Ibrahim Boubacar Keïta.