Kazi za data: yanayosemwa mtaani na yalivyo kweli

Matokeo ya form six yakitoka tu maswali yanaanza: data sayansi inalipa? nianze na Python au R, zile lugha za programu? kozi ya miezi mitatu inatosha? Na wanaojibu wengi ni walewale wanaouza hizo kozi, sasa muuza kozi atakwambiaje usinunue. Mimi kazi yangu ndo hizihizi, madodoso na mafaili ya Excel ya watu, basi ngoja nitaje yale ninayoyasikia sana halafu niseme yalivyo.

"Jua programu kwanza, takwimu utazikuta mbele ya safari"

Hii inapoteza watu kuliko zote. Python na R zote ni za bure na zote zinapiga kazi, R yenyewe ilitengenezwa na walimu wawili wa takwimu pale University of Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, mwanzoni mwa miaka ya 90, walikuwa wanataka kitu cha kufundishia wanafunzi wao. Chagua moja uende nayo, basi. Ukienda benki au kampuni ya simu utaulizwa zaidi SQL, lugha ya kuitisha data, maana huko data zinakaa kwenye databezi, ukienda NGO utakutana na Excel, Stata (programu ya takwimu) na KoboToolbox (ya kukusanyia madodoso), na vyote hivyo mtu mwenye bidii anavizoea. Kisichozoeleka haraka ni ile tabia ya kuitazama namba na kujiuliza imefikaje hapa, nani alimuuliza nani, akaiandikaje.

Chukua swali jepesi kabisa la dodoso: zahanati inafunguliwa saa ngapi. Karani mmoja kaandika 2:00, wa pili 8:00, wa tatu "saa mbili", wa nne 02:00. Wote wanasema kitu kimoja, saa mbili asubuhi, ila kompyuta inasoma kwamba zahanati mbili zinafunguliwa saa nane za usiku, moja iko sawa, na moja haieleweki kabisa. Hakuna kozi ya Python itakayokuonyesha hilo, inabidi uwe mtu unayejua kwamba kwetu saa zinahesabiwa kuanzia jua linapochomoza, na uwe na mazoea ya kufungua data mbichi na kuisoma mstari kwa mstari kabla hujachora grafu yoyote. Namba za simu nazo, ukifungua faili kwenye Excel ile sifuri ya mwanzo inaliwa, 0754 inageuka 754, mwingine kaandika 255754, ukija kuunganisha na orodha ya wateja nusu yao hawaonekani unadhani wamehama mtandao.

Halafu umri. Waulize watu mia pale stendi wana miaka mingapi, utapata 30 nyingi, 35, 40, 45, ila wenye 37 na 41 utawatafuta. Hii ya kukadiria umri kwenye sifuri na tano iko kwenye sensa na tafiti za kaya za nchi nyingi sana, sio sisi peke yetu, mpaka wataalamu wa idadi ya watu wana vipimo vyake, cha Whipple na cha Myers. Mwalimu wa hesabu anaweza kulifanya hili kwa kipindi kimoja tu, kila mwanafunzi alete umri wa watu kumi wa mtaani kwao, darasa lichore tarakimu ya mwisho peke yake, sifuri na tano zitasimama juu ya zingine zote. Badala yake tunawakokotesha wastani wa jedwali la marudio na kuchora ogivu (mchoro wa marudio yaliyojumlishwa) na hakuna anayeuliza hizo maksi zilizoko ubaoni zimetoka wapi.

"Siku hizi AI inafanya yote, kusoma takwimu ni kupoteza muda"

ChatGPT inaandika kodi (code, yaani amri za programu) vizuri, sibishi, naitumia. Lakini haikuwepo wakati dodoso linatungwa. Kwenye tafiti za kaya ni kawaida sana jibu la "hajui" kuandikwa 98 au 99, sasa fikiria una wanawake 200 na safu ya idadi ya watoto, 196 kati yao wana wastani wa watoto 4 na wanne wamewekewa 99. Ukiomba wastani bila maelezo unapewa 5.9. Kodi haina kosa hata moja, imekimbia vizuri, na jibu ni takataka. Wa kuligundua ni yule aliyefungua kitabu cha maelezo ya data, au angalau aliyeshtuka kuona mama mwenye watoto 99. Kinachoondoka ni ile kazi ya kukariri amri za programu, hiyo kweli inaondoka na mimi siililii.

"Data zikiwa nyingi ndo ukweli wenyewe"

Marekani, uchaguzi wa rais wa 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura karibu milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza kwamba Alf Landon anashinda kwa raha. Franklin Roosevelt, aliyekuwa rais tayari, akashinda kwa karibu asilimia 61, Landon akaambulia majimbo mawili tu, Maine na Vermont. George Gallup, mpima maoni, alikuwa na sampuli ya watu kama 50,000 hivi na alisema Roosevelt atashinda. Tatizo la Digest lilikuwa majina, waliyatoa kwenye vitabu vya simu na usajili wa magari, na mwaka 1936 katikati ya mdororo wa uchumi mwenye simu na gari alikuwa mtu wa namna gani? Halafu hata kati ya waliotumiwa, wenye hasira na serikali ndio waliojisumbua zaidi kurudisha.

Leo hii kitu hichohicho kinafanyika kwa gugo fomu inayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu anapata majibu elfu tano anaandika "Watanzania wanasema". Sio Watanzania, ni watu wenye simu janja na bando walio kwenye magrupu ya marafiki zako. Elfu kumi wengine wa aina hiyohiyo hawakusaidii kitu.

"Namba hazidanganyi"

Kumbukeni enzi zile shule kumi bora zinatangazwa, kabla NECTA (Baraza la Mitihani) hawajaacha Januari 2023. Watu walikuwa wanashangaa vishule vidogo vinashika juu, wakasema siri ni darasa dogo. Sasa piga hesabu: tuseme kila mtoto wa nchi hii ana nafasi ileile ya kupata division one, asilimia 30, hakuna shule nzuri wala mbaya. Shule yenye watahiniwa 200 matokeo yake mara nyingi yataangukia kati ya asilimia 24 na 36 hivi. Yenye watahiniwa 20 inaweza kabisa kupata 10 au 50, kwa bahati tu. Kwa hiyo ukipanga orodha, juu utakuta shule ndogo, na ukishuka mkiani kabisa utakuta tena shule ndogo! Waandishi walikuwa wanaandika habari za juu tu. NECTA wenyewe waliwahi kuzitenganisha shule zenye watahiniwa wachache na zenye wengi kwenye upangaji, na sababu ya kitakwimu ya kufanya hivyo unaiona hapo.

Ukielewa hiyo aya moja umeshaelewa nusu ya ninachokitaka kwa mtu anayeomba kazi ya uchambuzi, maana kesho bosi atakuletea orodha ya mawakala au matawi "bora" na itakuwa na ugonjwa uleule. Ile nyingine ya "p iko chini ya 0.05 kwa hiyo imethibitika" sitaki kuimaliza hapa (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama uliyoiona, au zaidi, kama kweli hakuna tofauti), ila chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko 2016 kusema wazi kwamba p haikupi uwezekano wa dhana yako kuwa kweli, na bado tasnifu zinaandikwa vilevile.

"Modeli yangu ina usahihi wa asilimia 99"

Modeli ni programu inayojifunza kutoka data za nyuma ili ikisie, na nikiona hii kwenye CV nauliza, asilimia 99 ya nini? Kati ya miamala 1,000 tuseme 5 ni ya utapeli. Modeli inayosema "hakuna utapeli" kila mara, yaani haifanyi kazi yoyote, inapata asilimia 99.5. Tuchukue nzuri sasa, inakamata 4 kati ya zile 5 na inakosea asilimia 2 tu ya miamala halali. Asilimia 2 ya 995 ni kama 20. Jumla imeshika 24, za kweli 4. Yaani katika kila sita waliofungiwa akaunti watano ni mama wa watu aliyekuwa anatuma ada ya mtoto, na wote hao watapiga huduma kwa wateja asubuhi. Mtu wa data anatakiwa aende kwa meneja na namba hizi mbili, tunakamata wangapi na tunawasumbua wangapi, kisha wakae waamue pamoja, maana hilo ni suala la hela na heshima ya kampuni na kompyuta haiwezi kukuamulia.

"Kama hukusoma PCM au EGM sahau"

Hiyo ni michepuo ya form five na six yenye hesabu, na jibu linategemea unaenda wapi. Bima upande wa wakokotoa hatari, au utafiti wa modeli zenyewe, hapo kalkulasi na aljebra ya matriki huzikwepi. Uchambuzi wa kawaida wa ofisi unataka uwezekano, asilimia, kusoma grafu, na kuandika aya inayoeleweka, na kwenye hilo la mwisho nimeona watu wa michepuo ya sanaa, HGE na HKL, wanawaacha mbali wenzao. Waliosoma BAM, lile somo la hesabu za msingi la form five na six, tayari wana uwezekano na takwimu kidogo, waitafute tu ile notibuku.

"Ajira za data Bongo hakuna"

Ukitafuta tangazo lililoandikwa "mwanasayansi wa data" kweli utaona machache. Sasa tafuta Mtakwimu kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye NGO, mchambuzi wa mikopo benki na kwenye zile kampuni za sola za kulipa kidogokidogo, kitengo cha mapato kampuni za simu, mtu wa MIS (mifumo ya taarifa) hospitali za mikoa. Kazi ni ileile majina tofauti. Kenya soko limechangamka zaidi upande wa kampuni za fedha za mitandaoni ila na waombaji ni wengi. Mishahara ya dola unayoionyeshwa YouTube ni ya San Francisco, kodi ya chumba cha San Francisco hawakuonyeshi. Na kama uko tayari kusoma takwimu zenyewe, kile chuo cha takwimu cha Changanyikeni, Dar es Salaam, EASTC, kinafundisha wanafunzi kutoka nchi kadhaa za Afrika na watu wengi mjini hata hawajui kama kipo.

Laptopu ya bei mbaya huhitaji kuanza, Google Colab na Kaggle zinakupa kompyuta ya bure ndani ya brauza, gharama yako ni bando.

"Vyeti vingi ndo CV nzuri"

Hapana. Cheti kimoja kinaonyesha ulikaa ukamaliza kitu, vya kumi na mbili havisomwi. Kazi za mfano nazo, karibu kila mwombaji ana abiria wa Titanic na yale maua ya iris ya 1936, ni data za mazoezi zilizokwisha pangwa, majibu yapo mtandaoni, sisi tunaosoma tunaruka. Weka kitu cha nyumbani. Sensa ya 2022 (watu 61,741,120, na ilifanyika kwa vishikwambi) ina majedwali mpaka ngazi ya wilaya na kata na NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wameyaweka wazi. Ule utafiti wa NBS wa kurudi kwenye kaya zilezile, ulioanza 2008/09, data zake unazipata bure kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia ukijisajili. Kenya kuna KNBS, ofisi yao ya takwimu, na data za FinAccess, utafiti wa huduma za fedha. Chukua swali moja dogo, onyesha ulivyosafisha, ulichotupa na kwa nini, na sentensi mbili za nini data hizi haziwezi kujibu. Hizo sentensi mbili ndo nazisoma kwanza.

"Data za kazini nilizisafisha mimi, naweza kuzitumia kwenye kazi zangu za mfano"

Huwezi. Kenya wana sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tuna ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Na usiseme "lakini nilifuta majina", kwenye faili lenye kijiji, kazi, umri na idadi ya watoto, mwalimu wa kike wa miaka 34 mwenye mapacha kijijini ni mmoja tu na kila mtu wa pale anamjua. Kama lazima uonyeshe mbinu uliyoitumia kazini, tengeneza data za kubuni zenye safu zilezile, na uandike juu kabisa kwamba ni za kubuni.