"Ukipasuliwa mgongo utapooza", na mengine tunayoambiana kuhusu diski

Mama alifika ameikumbatia bahasha ya MRI, picha ya ndani ya mgongo, kifuani kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Ni mama lishe, kuinama juu ya masufuria ndiyo kazi yake tangu saa kumi na moja alfajiri, na kwa wiki nne mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiwaka moto kuanzia takoni hadi kwenye kidole gumba. Sijaifungua bado bahasha akaniambia: "Mwanangu, wameandika diski imetoka. Mdogo wangu kasema nisithubutu kupasuliwa, nitapooza. Kijana wangu mkubwa naye anasema nisipopasuliwa nitapooza. Sasa nishike la nani?"

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na swali hilo nimelisikia kwa maneno tofauti mara nyingi mno. Linaniuma kila mara, kwa sababu wanaomtisha mgonjwa ni watu wanaompenda, na wote wanatumia neno lile lile. Mama yule nilikaa naye karibu saa nzima. Mengi niliyomwambia ndiyo haya.

"Diski imeteleza, irudishwe"

Diski haitelezi. Kati ya pingili moja ya mgongo na nyingine kuna kitu mfano wa mto mdogo: nje ganda gumu la nyuzinyuzi, ndani ute mzito. Ganda likichanika, ute hupenya na kuchomoza kwa nyuma, mahali mizizi ya mishipa ya fahamu inapopita. Mzizi ukiminywa, na ukivimba kwa kuchokozwa na ule ute, maumivu hayabaki kiunoni. Yanashuka na njia ya mshipa hadi kwenye shavu la mguu, wakati mwingine hadi unyayoni. Kwa wengi mambo hutokea chini kabisa ya kiuno, kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, au kati ya hiyo ya tano na sakramu, mfupa ulio chini yake.

Kwa hiyo hakuna kilichohama ambacho mkandaji anaweza kukisukuma kikarudi. Kukandwa taratibu kunalegeza misuli iliyokaza, sina ugomvi nako. Ila kulazwa kifudifudi ukakanyagwa, au vijana wawili wakakuvuta mmoja mikono na mwingine miguu, hapo ugomvi ninao, tena mkubwa.

Wengine huambiwa ni figo, wanakunywa dawa za figo miezi mitatu. Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na jiwe likishuka huelekea kwenye kinena. Hayafiki kwenye vidole vya mguu.

"Picha imeonyesha, basi ni kisu tu"

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI ya kiuno watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja, na asilimia 27 walikuwa na iliyochomoza. Watu hawa walikuwa wanafanya kazi zao, hawajui lolote. Uchambuzi wa tafiti 33 uliotoka mwaka 2015 ulikuta hata kwa wenye umri wa miaka 20 wasioumwa, asilimia 30 hivi wana diski iliyotuna, na kwa wenye miaka 80 ni asilimia 84.

Ndiyo maana bahasha ile niliiweka mezani kwanza. Nilimlaza mama chali, nikaunyanyua mguu wake wa kushoto ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu ya njia akashika ukingo wa kitanda: "Hapo hapo, baba!" Kisha nikamwambia avute kidole gumba cha mguu kuelekea usoni mwake huku mimi nakizuia kwa kidole changu. Kilinisukuma sawasawa, kwa nguvu ile ile ya upande wa kulia. Akatembea kwa visigino, akatembea kwa ncha za vidole. Nikagusa ngozi kwa pamba: ganzi kidogo juu ya unyayo, basi. Ndipo nikafungua bahasha, nikaona picha inasema jambo lile lile na mguu, upande ule ule. Picha isipokubaliana na mguu, daktari mwangalifu hapasui.

"Ikishatoka imetoka, haiponi yenyewe"

Hili ndilo linalowashangaza watu kuliko yote. Kipande kilichotoka hakirudi ndani, lakini mwili unaweza kukila. Kikivuka ganda kinakutana na damu, na seli za kinga hukiona kama mgeni, zinakishambulia na kukiyeyusha kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Tena zile kubwa, zilizokatika kabisa, ambazo kwenye ripoti hutisha zaidi, ndizo huyeyuka zaidi. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015 ulikuta zilizokatika na kujitenga zilipungua kwa asilimia 96 ya wagonjwa waliofuatiliwa bila upasuaji, ilhali zilizotuna tu zilipungua kwa asilimia 13. Nilipomwambia mama hivyo alinitazama kama ninambembeleza. Ikabidi nirudie.

"Ukipasuliwa mgongo utapooza"

Hofu hii haikutoka hewani. Karibu kila mtaa una mtu anayesemwa: "alipasuliwa mgongo, sasa yuko kwenye kiti". Ukifuatilia, mara nyingi mtu huyo alivunjika uti kwenye ajali ya bodaboda, au alikuwa na kifua kikuu cha mgongo, au uvimbe. Miguu ilikuwa imeshalegea kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Watu wanakumbuka kisu, hawakumbuki kilichotangulia.

Sasa tazama maumbile yenyewe. Ugwe mgongo, ile kamba kuu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna mizizi tu, inaning'inia kama singa za mkia wa farasi ndani ya maji. Diski ya mama iko kati ya nne na tano. Daktari anayefanya kazi pale yuko chini ya mwisho wa ugwe. Anachofanya ni kupita kwenye tundu dogo kati ya pingili, kuusogeza mzizi pembeni kwa uangalifu mkubwa, na kuondoa kipande kilichochomoza. Diski yote haitolewi. Wengi husimama na kutembea siku hiyo hiyo au kesho yake.

Hatari zipo, na anayekwambia hakuna usimwamini. Kuna usaha, kuna kuchanika kwa utando unaofunika mizizi, mara chache mzizi wenyewe huumia, na baadhi ya watu, kati ya 5 na 15 katika kila 100, diski ile ile huchomoza tena. Diski ya shingoni ni habari nyingine, huko ugwe upo.

Na kwa wanaouza kiwanja ili waende India: upasuaji huu wa diski unafanyika hapa nyumbani, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) pale Dar es Salaam, na jirani zetu wanao Hospitali ya Kenyatta, Nairobi.

"Usipopasuliwa sasa unajichelewesha". "Kupasuliwa ni kupoteza hela, mwisho ni ule ule"

Nimeziweka pamoja kwa sababu kila moja ina nusu ya ukweli.

Tangu mwaka 1934, pale madaktari Mixter na Barr wa Boston walipoandika kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayouminya mshipa na kwamba ikiondolewa mguu unapoa, madaktari wamepasua kwa wingi. Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu alikuwa daktari Weber, Norway: wagonjwa 126, nusu wakapasuliwa, nusu wakasubiri kwa mazoezi na dawa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1983 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali nzuri zaidi. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa imefifia, na kufika miaka kumi makundi yalikuwa sawa.

Waholanzi wakaja na utafiti wa mwaka 2007, na huu ndio ninaoutumia zaidi nikiongea na wagonjwa. Watu 283 wenye maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja likapasuliwa mapema. Jingine likaambiwa lisubiri, na atakayeshindwa apasuliwe. Waliopasuliwa mapema walipona ndani ya wiki 4 hivi, waliosubiri ndani ya wiki 12. Mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya makundi yote mawili walikuwa wamepona. Lakini soma na hili: asilimia 39 ya waliosubiri hatimaye walipasuliwa, kwa sababu maumivu yaliwazidi.

Kwa hiyo kwa wengi kinachonunuliwa kwa upasuaji ni muda: kupoa mapema badala ya baadaye. Muda si kitu kidogo kwa mtu anayelipwa kwa siku. Na kusubiri nako kuna kikomo chake. Wakanada waliwachukua watu 128 walioumwa mguu kwa miezi 4 hadi 12, na matokeo ya mwaka 2020 yakaonyesha kwamba baada ya miezi sita waliopasuliwa walikuwa na maumivu madogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyeteseka nusu mwaka akaambiwa "endelea kuvumilia" anaonewa.

Jambo moja wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: upasuaji huu ni wa mguu. Moto wa mguuni ndio unaozimika. Anayeumwa kiuno tu, mguu hauna neno, asitegemee kisu cha diski kitamsaidia.

"Lala kwenye ubao, vaa mkanda, choma sindano"

Uholanzi tena, mwaka 1999, walilinganisha kulala kitandani wiki mbili na kuendelea na shughuli kadiri mtu anavyoweza. Kulala hakukusaidia zaidi. Mkanda wa kiuno unaweza kukupa nafuu ukiwa safarini, haurudishi diski. Sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa wiki nzima kutoka duka la dawa zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Hapo ndipo figo inapoingia kweli. Pregabalini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu ambayo watu wanainunua kwa bei kubwa, ilijaribiwa Australia kwa watu 209 wenye maumivu ya aina hii. Mwaka 2017 ikaonekana haikukishinda kidonge kisicho na dawa ndani, na iliwaletea kizunguzungu zaidi. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na mzizi hutuliza baadhi ya watu kwa wiki chache.

"Subiri tu, itapita"

Hapa ndipo ninapopandisha sauti. Ukipata ganzi sehemu zile zinazokaa kwenye tandiko la baiskeli, yaani sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa; mkojo ukagoma, au ukatoka bila wewe kuhisi; miguu yote miwili ikalegea, usingoje asubuhi. Ile mizizi ya mkia wa farasi inakabwa yote kwa pamoja. Inatakiwa ufanyiwe upasuaji ndani ya saa 48, na kila saa inayookolewa ni faida. Wapo waliopona mguu wakabaki na mpira wa mkojo maisha yao yote kwa sababu walikuwa wanakandwa.

Unyayo unaoanza kuburura, ndala inavuka mguuni bila wewe kujua, huo ni wa kuonwa ndani ya siku chache. Na maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yachunguzwe kifua kikuu kabla ya mtu yeyote kutaja diski.

Mama hakuwa na lolote kati ya hayo. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa wake, si wa mdogo wake wala wa kijana wake. Alichagua kungoja wiki sita zaidi, akapandisha jiko juu ya meza ili asiiname, akawa anatembea kila jioni, na mazoezi tuliyafanya pamoja mara mbili kwa wiki. Wiki hiyo hiyo dereva wa lori, miezi minne hajaweza kukaa hata nusu saa, alichagua kupasuliwa. Akaamka moto wa mguu umekwisha, kidonda tu kinauma. Sikuona aliyekosea kati yao.

Wiki ya tisa mama alinyanyua mguu peke yake pale kitandani, akaufikisha juu. Ganzi ya juu ya unyayo ilikuwa bado ipo, akaniuliza kwa wasiwasi. Nikamwambia hiyo ndiyo huondoka mwisho.