Kijana wa barazani si mvivu

Hapa Mombasa tumezoea kusema kijana anayeshinda barazani hataki kazi. Si kweli. Miaka ya 1930, mwanasaikolojia Marie Jahoda na wenzake walichunguza Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha vitambaa kilifungwa. Watu walikuwa na wakati tele, lakini vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua karibu nusu, ingawa ada ilikuwa imeondolewa. Wanaume hata kutembea walitembea polepole. Uvivu haukutangulia. Kazi ilipoondoka, siku ilipoteza umbo: hakuna saa ya kuamka, hakuna mwenzio anayekungoja. Ndiyo maana neno “mvivu” linaniuma. Wala kibarua chochote si dawa. Anayeamkia lango la kiwanda Changamwe, asijue kama ataitwa, naye halali kwa wasiwasi.