Je, wajua kwa nini karatasi moja ilifaulu Scotland na kukwama Ontario?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua kulia au kushoto? Sindano na vitambaa vimehesabiwa vyote? Ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Basi serikali si iagize tu kila hospitali iitumie?

Ontario, jimbo la Kanada, lilifanya karibu hivyo. Hospitali zilitakiwa kuripoti, na nyingi zikasema zinaitumia kwa takriban kila mgonjwa. Watafiti waliochunguza hospitali 101 walieleza mwaka 2014 kwamba vifo havikupungua kwa kiasi cha maana.

Scotland iliingiza karatasi hiyo hiyo ndani ya mpango wa taifa wa usalama wa wagonjwa, ulioanza 2008. Huko badiliko hujaribiwa kwanza padogo, hata kwa mgonjwa mmoja au zamu moja. Likikwama linarekebishwa, ndipo lipelekwe wodi nyingine. Takwimu wanazikusanya wahudumu na kuzitazama wao wenyewe. Kufikia 2014, vifo baada ya upasuaji vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Tusiwaonee Ontario, lakini: wao walipimwa kwa miezi mitatu kabla na mitatu baada, Scotland kwa miaka. Hata hivyo, naamini mbinu ilichangia. Fomu ikija kama amri, watu huijaza ili mkaguzi aridhike, na tiki zote zaweza kuwekwa hata mgonjwa hajalazwa mezani. Kigumu si tiki, ni muuguzi kumwambia daktari bingwa, "Subiri kwanza."

Michigan, Marekani, walilishika hilo mapema. Mwaka 2004, katika wodi zaidi ya 100 za wagonjwa mahututi, walianza kuzuia maambukizi yanayoingia kupitia mipira myembamba inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa ya damu. Hatua zilikuwa tano tu, ya kwanza kunawa mikono. Lakini muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, na vifaa vyote vikawekwa kwenye kigari kimoja ili asiwepo wa kusema hakuviona. Ndani ya miezi mitatu, angalau nusu ya wodi hizo hazikuwa na maambukizi hayo hata moja.