Shambulio la moyo: mbona chembe nyeupe za damu zimepanda?

Baba yangu kalazwa hapa Moshi kwa shambulio la moyo. Majibu ya damu yanaonyesha chembe nyeupe 16,000. Ana maambukizi pia?

Pole kwa kuuguza. Si lazima. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika maikrolita moja ya damu. Nimonia huzipandisha, lakini hata msuli wa moyo ukifa kwa kukosa damu zinapanda. Kama hana homa wala kikohozi, huenda ni moyo wenyewe.

Si ndio askari wa mwili? Wanadhuru vipi?

Umeshaona kidonda cha mguuni kinavyovimba na kuwaka moto kabla ya kuanza kukauka. Moyoni ni vilevile. Wa kwanza kufika, ndani ya saa chache, ni nyutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Zikishaamshwa humwaga kemikali kali za kuulia bakteria, na pale bakteria hakuna. Kinachoungua ni msuli wa jirani uliokuwa bado hai. Nyingine hukwama kwenye vimishipa vyembamba, hivyo hata mshipa mkubwa ukizibuliwa, damu inaweza isipite vizuri.

Siku chache baadaye huja makrofaji. Hizi hula mabaki ya msuli uliokufa na kusaidia kovu lijengeke. Kovu lisipojengeka vizuri, ukuta wa moyo unaweza kupasuka. Ndiyo maana hatuzizimi zote. Na tafadhali, msimnunulie baba diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo au magoti: dawa za kundi hilo huongeza hatari kwa moyo uliotoka kuumia.

Namba ikiwa kubwa, ndiyo hali mbaya zaidi?

Kwa wastani, ndiyo. Wenye chembe nyingi mara nyingi wana eneo kubwa lililoumia, na moyo wao huchoka zaidi baadaye. Ila mvuta sigara huwa nazo nyingi hata akiwa mzima. Msishike namba hiyo peke yake. Ulizeni kuhusu troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia), ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti).

Kuna dawa ya kuzituliza?

Kolchisini, dawa ya gauti, ilileta matumaini mwaka 2019. Utafiti mkubwa zaidi wa 2024 haukuona faida.

Basi sisi tufanye nini?

Pambaneni na muda, maana ukubwa wa jeraha ndio unaoita askari wengi. Kifua kikibana usiku, jasho la baridi likatoka, maumivu yakapanda taya au mkono, wengi wetu husema ni kiungulia, tusubiri kupambazuke. Hapo ndipo msuli unapokufa. Kama hana mzio wala vidonda vinavyotoka damu, atafune aspirini miligramu 300, na mtafute gari usiku huohuo, mwende hospitali ya Mawenzi au KCMC, kokote kuliko karibu. Asiendeshe mwenyewe.