Kabla ya Kumuuliza "Ilikuwaje?": Namna ya Kumpokea Aliyefanyiwa Ukatili

Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, zinazoanza Novemba 25 hadi Desemba 10 kila mwaka, huwahimiza wananchi kutoa taarifa, na wananchi wanaitikia. Hata hivyo, sisi maofisa ustawi wa jamii tunaohudumu katika Vituo vya Mkono kwa Mkono nchini Tanzania, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata matibabu, ushauri na huduma za polisi mahali pamoja, tunaona kwamba wengi wa wanaoletwa kwetu wameshahojiwa njia nzima: na mama mdogo, jirani, mwalimu, mjumbe na mtendaji wa mtaa, kila mmoja akitaka kusikia tukio tangu mwanzo.

Nia huwa njema, lakini madhara yake ni makubwa. Mwenye kiwewe, yaani jeraha la moyo litokanalo na tukio la kutisha, anaposimulia yaliyompata, moyo humwenda mbio, viganja hutoka jasho, na mwili huitikia kana kwamba hatari bado ipo chumbani. Kumrudisha huko mara tano kwa siku moja ni kumwongezea jeraha. Kwa sababu hiyo, huduma inayozingatia kiwewe huanza na mtu wa kwanza kupokea habari, muda mrefu kabla ya daktari.

Mtu huyo wa kwanza anahitaji kujua kama aliyetendewa yuko salama sasa, kama ameumia, na tukio lilitokea lini. Swali la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ni lazima zianze ndani ya saa 72, na hutumiwa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina hadi saa 120. Asioge wala kufua nguo alizovaa, na nguo hizo zifungwe kwenye karatasi au gazeti, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Fomu ya polisi ya PF3 hutolewa bila malipo. Daktari huijaza baada ya uchunguzi, kisha hurejeshwa polisi. Tunarudia hili kila wiki na tutaendelea kulirudia: matibabu ya dharura hayasubiri PF3.

Kuna dhana ambazo zimetuchosha. Inasemekana kwamba asiyelia anadanganya, kwamba anayechanganya siku au saa ametunga, na kwamba asiyepiga kelele aliridhia. Hofu kali huweza kuugandisha mwili na kuifunga sauti, na kumbukumbu zake hubaki vipande vipande, harufu ikikumbukwa vizuri kuliko tarehe. Mahakama yenyewe, chini ya Sheria ya Ushahidi, inaweza kumtia mtu hatiani katika kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiridhika kuwa anasema kweli. Kazi hiyo ni ya mahakama, si ya baraza la ukoo.

Kuhusu kumalizana nyumbani, ieleweke kwamba adhabu ya kubaka chini ya Kanuni ya Adhabu kwa kawaida ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30, na kwamba kupokea fedha ili kuficha jinai ni kosa jingine. Aidha, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa.

Katika chumba chetu, binti akiketi ukingoni mwa kiti huku shangazi akimjibia kila swali, tunamwomba shangazi kwa heshima atungoje nje, iwapo binti mwenyewe anataka hivyo. Tunamuuliza kama mlango ufungwe au ubaki wazi, na kama angependa kuhudumiwa na mwanamke. Tunamweleza kila kipimo kabla ya kumgusa. Aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake anahitaji kurudishiwa uamuzi, hata mdogo kiasi hicho, na familia inaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani.

Ndoto za kutisha, kukojoa kitandani au kukataa shule vikizidi mwezi mmoja, mrudisheni kituoni ili apewe rufaa ya afya ya akili. Taarifa za ukatili dhidi ya mtoto hupokelewa bila malipo kwa namba 116, na za watu wazima katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu.