Jeraha lisilouma papo hapo: dhana na ukweli katika karakana ya ndege ya kujiundia

Kigoma imeshazoea chombo kinachofika ndani ya makasha. Mwaka 1913 meli ya Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa, ikaungwa upya kwa riveti na kushushwa ziwani Februari 1915. Ndiyo meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ndege ndogo ya kujiundia nayo huanza hivyo hivyo: mabati ya alumini ya unene wa nusu milimita hadi milimita moja, mabomba ya chuma, faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo), mikebe ya epoksi (gundi ya kuigandisha faiba) na maelfu ya riveti. Fundi boti wa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, akiingia kwenye karakana ya namna hiyo atavitambua vifaa vingi, na atakuja na imani zake pia. Imani zenye madhara makubwa zina asili moja, nayo ni kupima hatari kwa maumivu. Msumeno kila mtu anauogopa. Kitu kinachoumiza baada ya saa kadhaa husingiziwa kingine.

"Homa ya jioni ni malaria tu"

Mtu ameshinda akichomelea mabomba yaliyopakwa zinki, mara nyingi ya fremu ya kushikilia bawa wala si ya ndege yenyewe. Baada ya saa 4 hadi 10 kinywa kinakuwa na ladha ya chuma, kifua kinabana, halafu vinakuja baridi, kutetemeka na jasho. Kwa mkoa huu jibu la kwanza linajulikana. Kapime kweli, maana malaria ipo, lakini usimfiche mhudumu ulichokuwa unachomelea. Homa ya moshi wa zinki huisha yenyewe kwa siku 1 au 2, na hurudi ukirudia kazi, hasa baada ya mapumziko ya siku chache, kwa sababu mwili umeshapoteza mazoea.

Maziwa hayasaidii. Maziwa huenda tumboni, moshi umeingia mapafuni. Kinachosaidia ni kuivua zinki kwa tupa au msasa, sentimita 5 kila upande wa mshono, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi. Kisha uchomelee nje, ukisimama upepo wa ziwa ukupige ubavuni. Ukiupa mgongo, moshi huzunguka na kukurudia usoni.

Kuna jambo zito zaidi hapa, na mafundi wanaotoka kwenye mageti na madirisha hawana sababu ya kulijua. Bolti nyingi za chuma za ndege, zile zenye rangi ya dhahabu iliyofifia, zimepakwa kadimi. Ukiipasha moto bolti ya namna hiyo ili ilegee, dalili za jioni zitafanana na za zinki, ila haziishii siku ya pili: mapafu yanaweza kujaa maji na mtu akafa ndani ya siku chache. Bolti iliyoganda inalowekwa mafuta usiku kucha, ikikataa inakatwa kwa msumeno wa mkono. Moto hauhusiki kabisa. Vilevile, bomba lililosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini lisiguswe na mwali wala umeme wa kuchomelea, kwa kuwa masalia yake yanaweza kutoa fosjini, gesi inayoweza kukaa kimya saa nyingi kabla ya kubana pumzi. Tumia asetoni, ulifute, uliache likauke kabisa, na chupa ya asetoni iwe mbali na kazi.

"Nilifumba macho, na nilikuwa na miwani ya jua"

Miwani ya jua inapunguza mng'ao unaouona. Haikutengenezwa kwa ukali wa mwali wa umeme, wala haizibi pembeni. Kioo cha kuchomelea kwa umeme ni namba 10 na kuendelea; kwa gesi namba 5 hivi inatosha. Anayeshika bomba huku akigeuza uso pembeni naye anaungua, sawa na mwenye kuchomelea. Maumivu huja baada ya saa 6 hadi 12, yaani usiku wa manane, macho yakihisi mchanga. Vipande vya viazi na majani ya chai ni njia ya kupeleka uchafu kwenye jicho lililochubuka. Weka kitambaa safi cha baridi juu ya kope zilizofungwa, kaa gizani, meza dawa ya maumivu. Siku 2 zikipita bila nafuu, nenda hospitali. Matone ya ganzi yasitumike nyumbani, kwa sababu yanaondoa maumivu huku yakichelewesha kupona.

Likiingia kipande cha chuma kwa kasi, mfano kutoka nyundo iliyopiga patasi, hapo ni hospitali ya Maweni siku hiyohiyo, jicho likiwa limefunikwa kwa kikombe kisafi kisichogusa mboni. Usisugue, usichokoe. Sumaku haivuti alumini, na hata chuma hupaswi kukivuta mwenyewe.

"Glavu ni kinga popote"

Wakati wa kubeba mabati, ndiyo: ukingo wa bati jipya unakata kama wembe. Mbele ya drili ya meza, hapana. Biti, ile ncha ya kutobolea, ikidaka uzi mmoja wa glavu, huvuta kidole kabla hujakumbuka swichi iko wapi. Mikono mirefu, kamba ya shingoni na ncha ya kitenge vinaingia kwenye hesabu hiyohiyo.

Alumini nyembamba ina tabia yake. Biti haikwami inapoanza, hukwama inapotokea upande wa pili: makali yanashika ukingo wa tundu, bati linapanda juu ya biti na kuzunguka kama feni. Kwa tundu la milimita 3 ni nadra. Kuanzia milimita 6 kwenda juu litegemee. Weka ubao chini, bana bati kwa vibano 2 ili lisipate nafasi ya kuzunguka, na matundu makubwa yatoboe kwa biti ya ngazi, ile inayopanuka hatua kwa hatua. Mkono si kibano.

"Epoksi haina harufu, basi haina neno"

Poliesta, gundi nyingine ya faiba, inanuka, watu wanaikimbia. Epoksi imenyamaza, watu wanaichezea kwa mikono mitupu. Mwezi wa kwanza hakuna kitu, na wa pili pia. Kisha siku moja vifundo vya mikono vinawasha, kope zinavimba, na kuanzia hapo hata tone dogo linaleta upele. Mzio huo kwa kawaida hauondoki tena. Wapo walioacha ndege nusu kwa ajili yake. Kosa kubwa ni kunawa kwa tina ya rangi au asetoni: inayeyusha mafuta ya ngozi na kuisaidia epoksi kupenya. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha maji na sabuni. Glavu ziwe za naitraili, zibadilishwe mara zikichafuka. Na usipige msasa epoksi ambayo haijakauka barabara, kwani vumbi lake bado ni epoksi mbichi.

Joto nalo. Mchanganyiko wenye dakika 30 za kazi kwenye nyuzi 20 unabaki na 15 hivi kwenye nyuzi 30, na chini ya paa la bati mwezi wa Septemba nyuzi 30 ni kitu cha kawaida. Gramu 300 zikiachwa ndani ya kopo refu zinajipasha zenyewe mpaka kopo linayeyuka na kufuka moshi. Mimina kwenye trei pana, changanya kidogo kidogo.

Kwa wanaotumia poliesta: chupa ndogo ya hadna, dawa ya kuigandisha, ndiyo ya kuogopwa. Tone moja jichoni linaweza kupofusha, kwa hiyo maji yatiririke jichoni papo hapo kwa dakika 20, ndipo safari ya hospitali ianze. Ndoo ya maji safi na kikombe vikae mezani kabla hujafungua chupa.

"Grinda bila kava inafika mahali finyu"

Inafika, pamoja na kuruhusu kosa la pili: diski ya milimita 180 kwenye grinda ya milimita 115. Grinda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, wakati diski ya 180 imeandikwa kikomo cha 8,500 hivi. Soma namba hizo mbili kabla ya kufunga. Soma pia tarehe kwenye pete ya chuma katikati ya diski, maana gundi yake huzeeka. Alumini usiinoe kwenye jiwe la kunolea chuma: inaziba vinyweleo vya jiwe, jiwe linapata joto na linaweza kupasuka. Na unga wa alumini ukishika moto usimwagie maji, yanautia nguvu. Ndoo ya mchanga mkavu inatosha. Mchanga uliochotwa ufukweni asubuhi bado una maji.

"Bila kutu hakuna pepopunda"

Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi, na sakafu ya karakana ya udongo haijali kama bati lako linang'aa. Tundu dogo la biti lililojifunga juu ni baya kuliko mkato mpana unaotoka damu, kwani vijidudu hivyo hupenda pasipo hewa. Dalili huanza siku 3 hadi 21 baadaye, taya likikaza. Majivu, mafuta ya injini na dawa ya meno visiguse kidonda. Maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha kitambaa safi. Wanawake wengi hupata chanjo ya pepopunda wakati wa ujauzito. Wanaume wengi hawajaigusa tangu utotoni. Kwa kidonda kichafu, sindano inarudiwa kama miaka 5 imepita tangu ya mwisho. Muuguzi akikuuliza tarehe na huikumbuki, sema huikumbuki, atakuchoma.